Jeli Iliyomnasa Mzee Okisai

Juzi mwanafunzi mmoja wa maabara aliniuliza tulikuwa tunapimaje sukari kabla ya hivi vimashine vya kuchoma kidole. Nikamwambia tulikuwa tunachemsha mkojo. Akasogeza kiti chake nyuma kidogo, kana kwamba sufuria bado iko motoni. Hapo nikaona ni heri niandike. Nimestaafu, muda ninao, na nyinyi mnaobaki kazini mnaamini maabara ilianza siku mashine ya kwanza ilipolia biip.

Vyeo sitavitaja. Nilipandishwa, nikasahauliwa, nikakumbukwa tena. Wanaopenda habari za namna hiyo wakatafute faili langu, nalo wakilipata wanijulishe, maana mimi mwenyewe sikuwahi kulipata.

Nilifika Malaba, mpakani na Uganda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msichana wa Sigalame mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima. Kituo cha afya kilikuwa kando ya barabara ya malori. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye hadubini moja, meza ya saruji, friji iliyonguruma kushinda malori yenyewe, na dirisha kubwa lililotazama barabara. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Okisai, Mteso wa Kocholia, mtu wa kifua kipana aliyetembea kama vile sakafu ni yake. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Aliinua neli ya kioo kuelekea dirishani.

"Wewe msichana, hii ni rangi gani?"

"Kijani, mzee."

"Kijani gani? Cha sukuma wiki, cha avokado, ama cha lori ya jeshi?"

Nikababaika. Nikasema cha avokado.

"Avokado ya nje ama ya ndani?"

Nilidhani ananichezea, na kweli alikuwa ananichezea, lakini pia alikuwa ananifundisha. Dawa yetu ya kupima sukari ilikuwa maji ya buluu. Unaitia kwenye neli, unadondosha mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti huku mdomo wa neli umeugeuzia ukuta na si jirani yako. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikienda kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikifika rangi ya chungwa na kisha ya tofali, mwite daktari. Kwa hiyo kati ya kijani kimoja na kingine kulikuwa na mtu anayeruhusiwa kula ndizi na mtu asiyeruhusiwa. Okisai aliniagiza nitazame karatasi nyeupe kabla ya kusoma kila neli, ili jicho lipumzike, na nisisome rangi yoyote nikiwa na njaa. "Mwenye njaa," alisema, "huona kila kitu rangi ya chai."

Somo kubwa zaidi alinipa mwaka wangu wa pili. Lori moja liliharibika mbele ya dirisha letu, likiwa limefunikwa turubai la buluu kutoka juu hadi kwenye magurudumu. Fundi alisema spea inatoka Mombasa, maana yake lori limehamia. Siku hizo akaja mama mmoja wa Amagoro, mgonjwa wetu wa sukari wa miaka mingi, midomo imekauka na macho yameingia ndani. Nikachemsha mkojo wake. Kijani. Nikachemsha tena. Kijani. Nikaandika kijani.

Okisai alimtazama yule mama, akaitazama neli, akatoka nayo nje mpaka kwenye jua. Nikamfuata. Kule nje neli ilikuwa ya chungwa kabisa. Turubai lilikuwa limeupaka mwanga wote wa chumba rangi yake, na sisi tulikuwa tunaisoma hiyo rangi ya turubai na kuiita ugonjwa.

Akaenda kumwambia dereva aondoe lori. Dereva akamwuliza alisukume na nini. Basi tukahamisha meza. Ilikuwa ya saruji, kwa hiyo niseme kweli: tulihamisha kila kitu isipokuwa meza, tukafanyia kazi kwenye veranda mpaka spea ilipofika. Tangu siku hiyo nimejua kwamba mwanga nao ni kifaa cha maabara, ila huwezi kuufungia kabatini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini alipokuja Daktari Njoki. Hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa mwanakemia kijana aliyesoma ng'ambo, ametumwa na mradi mmoja kujaribu kipimo kipya cha sukari mahali palipo na joto, vumbi na umeme wa kusitasita. Malaba tulikuwa navyo vyote vitatu kwa wingi. Alikuja na kijisanduku, na ndani yake vichupa vya maji vyenye vipande vyembamba vya jeli, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba. Viling'aa kijani.

"Kijani cha nini?" Okisai akaniuliza.

"Cha mgongo wa nzi wa chooni, mzee."

"Umefuzu," akasema, kisha akamgeukia mgeni. "Haya, daktari. Hii jeli yako umeipaka rangi gani?"

"Hakuna rangi ndani, mzee," Njoki akajibu. "Umeona dizeli ikimwagika kwenye dimbwi pale malori yanaegesha? Dizeli haina nyekundu wala zambarau, lakini mwanga ukiipiga unarudi na rangi. Humu ndani kuna vipira vidogo sana, vimepangwa safu safu kama mayai kwenye trei. Mwanga ukigonga hizo safu, rangi moja inarudi. Jeli ikipata sukari inavimba, mayai yanaachana, rangi inaenda nyekundu. Ikisinyaa, mayai yanabanana, inaenda buluu."

Okisai alifikiri. "Kwa hiyo ikipewa sukari inavimba."

"Ndiyo, mzee."

"Hata bibi yangu. Na sikumfanyia mradi."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na hivyo ndivyo walivyoendelea. Okisai alimwita Njoki Daktari wa Jeli. Njoki naye alikuwa na moyo wa kazi na mdomo si haba. Alimjibu kwamba ni afadhali kuwa daktari wa jeli kuliko kuwa mpishi wa mkojo. Okisai alicheka mpaka akatoka nje kwenda haja. Siku hizo alikuwa akitoka sana, tukawa tunamtania kwamba uzee umemwingilia kupitia kibofu. Alikuwa pia amepungua mwili, na dumu la maji ya kunywa alilokuwa akiliweka chini ya meza lilijazwa mara nyingi. Alisema ni joto.

Jeli ilitusumbua. Wiki za kwanza kila mkojo uliigeuza buluu, wa mgonjwa na wa mzima. "Ina huzuni," Okisai akasema. "Imekumbuka Nairobi." Njoki hakulala usingizi mzuri mpaka alipogundua ni chumvi: chumvi ya mkojo iliisinyaza jeli kabla sukari haijapata nafasi ya kuivimbisha. Tukaanza kuuzimua mkojo kwa maji safi kwanza. Kisha tukagundua ukiitazama kwa upande inakupa rangi nyingine, kwa hiyo nikatoboa katoni ya sabuni, tukawa tunailaza jeli chini na kuichungulia kutoka juu, mwanga ukiingia kwa tundu moja tu. Adhuhuri, joto likizidi, ilifanya inavyotaka. Lakini polepole ilianza kukubaliana na neli zetu: neli ikienda chungwa, jeli inaenda nyekundu. Si mara zote. Okisai alihakikisha hatusahau hizo mara nyingine.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe.

Alasiri moja foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma mpaka ikapita kituo chetu. Wanaume wakaingia wamembeba dereva, Mganda wa makamo aitwaye Musoke, kichwa kinaning'inia. Pamoja nao alikuwa dereva mwenzake, Mutiso, aliyekuwa kwenye lori la nyuma, na polisi mmoja.

"Huyu ni waragi tu," polisi akasema. "Nusa mwenyewe. Ni alale seli, kesho atakuwa sawa."

Mutiso alikuwa karibu kulia. "Hii mtu hakunywangi, boss! Ni mlokole. Tumekuwa laini moja tangu Nakuru, na yeye ni maji tu, maji, maji. Halafu anasimama kukojoa kila kona."

Tabibu wetu alikuwa Wafula, ambaye Malaba nzima ilimwita daktari na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Aliinama, akanusa pumzi ya Musoke. Nami nilinusa. Ilikuwa harufu tamu, kama mapapai yaliyoanza kuoza, na mtu mwenyewe alikuwa anavuta pumzi ndefu za haraka kama aliyepandishwa mlima akikimbizwa.

"Mwache hapa," Wafula akamwambia polisi. Akamtundikia maji ya chumvi, akanigeukia.

Nilitazama damu kwenye hadubini: hakuna malaria. Ikabaki sukari. Dawa yetu ya buluu ilikuwa imekwisha wiki iliyopita na nyingine haijaletwa. Vile vijiti vya kuchovya tulikuwa navyo, lakini kopo lilikaa wazi kwenye unyevu mpaka vyote vikafifia vikawa rangi ya bahasha. Ambulensi ilikuwa imempeleka mama mjamzito Busia, na barabara ya kurudi ilikuwa imezibwa na foleni hiyohiyo.

"Ajiambo," Wafula akaniambia kwa sauti ya chini, "insulini iko kwa friji. Kama sukari yake imepanda, nikimpa inamwokoa. Kama imeshuka, nikimpa nimemuua. Niambie ni gani."

Sote tulitazama kile kijisanduku. Hata Okisai.

Njoki alikuwa amebadilika uso. "Haijakubaliwa kwa mgonjwa," akasema. "Iko kwa majaribio."

"Hata mgonjwa yuko kwa majaribio," Wafula akajibu.

Muuguzi alimtoa Musoke mkojo kwa mpira. Nikauzimua, nikakilaza kipande cha jeli ndani, nikaingiza kwenye katoni. Tulisubiri. Kijani kikawa njano, njano ikawa chungwa, chungwa ikaenda wekundu wa nyanya.

Njoki akasema ni lazima tupate mkojo wa mtu mzima wa afya, upimwe kwa kipande cha kichupa hichohicho, ndipo tujue jeli haijaharibiwa na joto la siku hiyo.

"Chukueni wangu," Okisai akasema akivuta mkanda wake, ambao siku hizo ulikuwa na matundu mapya aliyotoboa kwa msumari. "Mimi ni mzima kama jiwe la Malaba."

Akaenda, akarudi, akanipa chupa kama mtu anayetoa sadaka. Nikauzimua vilevile. Nikalaza kipande kipya. Tukachungulia kwa zamu.

Njano. Chungwa. Nyekundu.

Njoki alijiketisha kwenye kreti ya soda. Wafula akachukua chupa ya insulini aliyokuwa ameshaitoa, akairudisha kwenye friji. Okisai alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kufurahia kuwa sahihi.

"Nilisema mimi," akasema. "Hii jeli imelewa kuliko dereva."

Kule chumba cha pili tulikuwa tunasikia pumzi za Musoke zikipanda na kushuka. Mutiso alikuwa ameanza kumwombea kwa Kikamba.

Sijui ni kwa nini nilifanya nililofanya. Labda kwa sababu mtu aliyenifundisha kutoka nje na neli ndiye aliyekuwa amesimama pale ameridhika na jibu la ndani. Nilichukua chupa, nikaenda, nikarudi na mkojo wangu. Nikamwambia Njoki naye aende. Wafula alisema yeye hana mkojo wa sasa hivi, nikamwambia autafute. Nikavipanga vipande vitatu sambamba.

Changu kilibaki kijani. Cha Njoki kijani. Cha Wafula, aliyekuwa amejikamua matone ya kutia huruma, kijani.

Basi jeli haikuwa imelewa. Watu watatu kijani, wawili wekundu, na mmoja wa hao wawili alikuwa amesimama ubavuni mwangu ameshika katoni ya sabuni. Mnafundishwa chuoni namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya. Hamfundishwi namna ya kumpa mwalimu wako.

"Mzee," nikasema, "lile dumu la maji chini ya meza. Leo umelijaza mara ngapi?"

Alinitazama. Akatazama dumu. Akatazama mkanda wake. Nilimwona akihesabu kichwani mambo ambayo sisi sote tulikuwa tumeyafanyia utani: safari za nje, suruali inayomlegea, macho yaliyomfanya aniachie mimi kusoma neli za jioni. Akachungulia tena kwenye katoni, safari hii kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyochungulia kisima.

"Nyekundu ya nini hii, Ajiambo?" akauliza.

"Ya nyanya, mzee."

"Nyanya mbivu," akasema polepole. Kisha akajinyosha, sauti yake ikarudi. "Daktari, toa hiyo dawa kwa friji. Mpe mtu wa lori. Hii jeli inasema kweli, na mimi ndiye shahidi. Mimi nitangoja, bado natembea."

Wafula alianza na kiasi kidogo, akaongeza, maji yakiendelea kuingia. Kabla ya jua kuzama pumzi za Musoke zilikuwa zimetulia, na macho yalifunguka. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza lori lake liko wapi. La pili alimwuliza Mutiso mbona analia kama mtoto. Ambulensi ilipofika, walipakiwa wote wawili: Musoke amelala nyuma, na Okisai ameketi mbele kando ya dereva, akilalamika kwamba kiti kimechanika. Hospitalini walipimwa damu. Jeli haikuwa imemsingizia yeyote.

Bibi yake, Mama Amoit, alikuja kituoni siku ya pili kuchukua koti lake. Nilimkalisha, nikamweleza taratibu, nikichagua maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka mzima," akasema, "nimemwambia: Baba Amoit, sisimizi wanafuata mahali unakojoa. Akaniambia mimi si maabara." Akakitazama kijisanduku cha Njoki. "Na nyinyi mmetoa jeli mpaka ng'ambo, kuja kufanya kazi ya sisimizi?"

Njoki alicheka mpaka akafuta machozi, na nadhani si yote yalikuwa ya kicheko. Alituaga miezi michache baadaye. Kabla ya kuondoka alinisomea ripoti yake. Nilitarajia habari ya Musoke iwe ukurasa wa kwanza. Aliandika kwamba jeli haijawa tayari: inasumbuliwa na chumvi, inasumbuliwa na joto, na inahitaji katoni ya sabuni. Nikamwuliza kwa nini asijisifu hata kidogo. "Siku ile ilisema kweli," akanijibu, "lakini tulikuwa watu watano wa kuiuliza vizuri. Mwingine atakuwa peke yake." Mradi ulifungwa. Vile vimashine vyenu vikaja baadaye kutoka kwingine. Nimefanya kazi na wasomi wengi, na wachache sana nimewaona wakiandika dhidi ya mtoto wao wenyewe namna ile.

Okisai alirudi kazini amekonda, amevaa miwani, na hatii sukari kwenye chai. Alikuwa mgonjwa msumbufu sana. Alituhutubia sote kuhusu madhara ya mihogo. Na alipata rafiki. Kila Musoke alipovuka Malaba alisimamisha lori na kuingia maabara akiuliza, "Huyo mzee aliyenikojolea yuko wapi?" Dawa ya buluu ilikuwa imeletwa tena, kwa hiyo walichemsha neli zao sambamba kama watu wanaopigana mieleka, na aliyekuwa na rangi mbaya zaidi alisemwa.

"Ssebo, bwana mkubwa, umekula nini leo?"

"Matooke tu, mzee."

"Matooke gani ya rangi ya tofali?"

"Na soda. Moja."

"Soda moja haifiki hapa."

"Basi mbili. Wewe ni polisi?"

Siku moja foleni ya upande wa Uganda ilikuwa imekwama tangu asubuhi, na Musoke yumo humo, hawezi kuliacha lori lake. Akampa mwenye baiskeli ya boda boda kichupa kilichofungwa vizuri kwa kitambaa, amletee Okisai. Pale mpakani afisa wa forodha akamsimamisha. Akauliza ni nini. Mwenye baiskeli akasema hajui, ni mzigo wa maabara. Afisa akafungua. Afisa akanusa.

Alikuja nacho kituoni mwenyewe, amenyosha mkono mbele kama ameshika nyoka. "Nani anaingiza hii kitu Kenya?"

"Ni yangu," Okisai akasema. "Ina ushuru?"

Tukauchemsha pale pale, afisa akiwa amesimama mlangoni, maana sasa naye alitaka kujua. Buluu. Buluu safi, ya kanga mpya. Sijawahi kuona neli ya mgonjwa wa sukari ikikaa vile.

 Okisai aliichukua neli, akavuka barabara katikati ya malori na kushuka mpaka kwenye kizuizi cha mpakani, koti jeupe likipepea, afisa wa forodha na mimi tukimfuata. Akasimama pale ambapo Kenya inakwisha, akaiinua juu ya kichwa chake kwenye jua. Ng'ambo ya daraja la mpakani, kwenye ile foleni ya Musoke, lori moja likapiga honi, ndefu, haikomi, na madereva wengine, bila kujua ni kwa nini, wakaanza kupiga zao.